Asali Chini ya Benchi la Mkasi

Jumatatu, 3 Machi
Wateja wote kwa Mkasi! Namwita hivyo kwa ajili ya miguu yake. Fundi cherehani kama mimi, ukuta kwa ukuta. Mimi leo nimebadilisha zipu. Zipu! Lakini nimepata wazo. Nyuma ya choo kuna kiota cha sisimizi wekundu, wale wanaodunga kama sindano ya moto. Asali kidogo chini ya benchi la wateja wake, basi. Watajileta wenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi nimemwaga asali, najifanya nafagia. Muda si muda, mteja wa kwanza karuka akijipiga makalio. Nimecheka nusura nimeze pini.

Kisha ukelele ninaoujua. Mama mkwe! Kafuata nini kule? Gauni! Kampa Mkasi kitambaa, na mkwewe ni fundi! Nikatoka nimenuna.

Kununa kukaniishia. Mama mkwe midomo imefura, mwili mabaka matupu, anakoroma akitafuta pumzi. Mimi nimesimama na futi shingoni kama mlingoti. Mkasi ndiye aliyembeba mgongoni, akakimbia naye barabarani, akasimamisha gari la kwanza.

Hospitali wakamchoma sindano ya paja. Daktari akasema ni mzio mkali wa sumu ya sisimizi. Tungechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine. Akauliza sisimizi wametoka wapi. Nikatazama viatu vyangu. Mkasi akajibu kwa unyonge kwamba kosa ni lake, hafagii vizuri.

Ardhi ingepasuka pale pale, ningeingia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kapata nafuu. Kanishika mkono, ananiomba radhi. Yeye aniombe mimi!
"Usilie, baba," akasema. "Nilitaka tu kola ikae sawa."
Nikalia zaidi. Mke wangu anamwambia kila nesi kwamba mumewe ana moyo laini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kukiri. Kweli kabisa! Mkasi alikuwa anasugua benchi kwa maji ya moto, macho mekundu. Anafikiria kufunga duka, asije akaua mama wa mtu. Nikafungua mdomo.
"Pole, fundi," nikasema.
Basi. Pole! Akanishukuru kwa kumjali, akanikabidhi gauni la mama mkwe, limekwisha na pasi limepigwa. Nimerudi na gauni mkononi, siwezi kumtazama hata mbwa.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe katoka hospitali. Kavaa gauni. Kola kama imechorwa. Mtaa mzima unauliza fundi ni nani, na foleni ya Mkasi imefika mlangoni kwangu. Mmoja kaniomba nimwazime kiti.

Kwa aibu niliyoipata wiki hii, nimeapa mbele ya picha ya marehemu baba: sitamtumia tena mdudu, wala kiumbe chochote kinachouma, maisha yangu yote.

Upupu si mdudu. Upupu ni mmea.