Disketi ya Mgeni Rasmi

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Kilosa, na Mikumi kwa nakala, kwamba kompyuta ya Ofisi ya Uendelezaji wa Soko Huria haikuharibika kamwe. Ilisita kwa mujibu wa taratibu.

Usakinishaji wa Windows 95 ulizinduliwa na Mkurugenzi wetu, Bwana Kornelio, akiwa mgeni rasmi, kwa ngoma na pilau. Papo hapo akapiga marufuku barua za taipureta. Disketi ya kwanza iliposomwa yote, kioo kikaandika: weka disketi ya pili. Kisha mashine ikaganda, nami nikateuliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuikwamua.

Tulifanya kila linalowezekana kitaalamu. Tuliipangusa vumbi. Tuliigeuza ielekee Morogoro, makao makuu ya mkoa. Mjumbe Herman alishauri ipumzishwe, maana imetoka ng'ambo.

"Shikamoo Mwenyekiti," alisema Fausta, mpiga chapa wetu.

"Marahaba. Umeifanya nini?"

"Mimi tena? Inaomba disketi ya pili, mzee. Iko wapi?"

"Iombe kwa barua!" Herman akamkata. "Dada, usituzingue."

Kwa kuwa mkosaji ni lazima apatikane, tulipendekeza kwamba aliyesababisha mkwamo ahamishiwe mara moja tawi letu la Lumuma, ambalo bado halijajengwa. Jina hatukuliandika, ila sote tulimtazama Fausta. Mama yake ni mgonjwa, wanaishi wawili tu Kimamba, na anayempikia uji wa asubuhi ni Fausta. Kwa kibali maalumu cha mara moja tu akaipiga chapa ripoti hiyo kwa taipureta, machozi yakimdondoka, bila kosa hata moja. Kisha taipureta ikafungiwa stoo.

Tukaipeleka ripoti Mikumi, nyumbani kwa Mkurugenzi, Fausta akibeba muhuri. Bwana Kornelio alitia saini kwa mbwembwe, akagonga muhuri, akatukaribisha soda.

Ndipo Fausta akainua macho. Juu ya redio, ukutani, ilikuwapo disketi ya pili. Siku ya uzinduzi Mkurugenzi aliichagua mwenyewe iwe kumbukumbu, maana mgeni rasmi haondoki mikono mitupu, nasi tulipiga makofi. Aliipigilia kwa msumari wa inchi nne, katikati kabisa.

Mkurugenzi akayafuata macho yetu hadi ukutani, akaweka soda yake chini.

"Futeni ripoti!" akafoka.

Nilimweleza kwa unyenyekevu kwamba uamuzi wenye muhuri hutenguliwa kwa barua tu, na barua, kwa agizo lake, huandikwa kwa kompyuta tu.

"Sasa huko Lumuma nitakaa wapi?"

"Utajenga, mzee," alisema Fausta kwa adabu zote. "Msumari unao tayari."