Trekta Lenye Mapazia

Trekta la Kapteni lilikuwa na sebule. Usicheke, ni kweli kabisa!

Madereva wengine wana kebini, kile chumba cha vioo chenye kiti, usukani, vumbi na chupa tupu ya maji. Kapteni alikuwa na sebule inayotembea kwa dizeli. Ukitaka kuchungulia ndani, kwanza unabisha hodi. Ukitaka kuweka mguu, unavua viatu.

Na huo ukapteni, eti, alijipa mwenyewe siku aliyonunua miwani nyeusi. Meli hajawahi kupanda, ndege anaziona zikipita. Wiki ya kwanza watu walikataa kumwita hivyo, naye akakataa kuitika jina lake. Unamwita, anaangalia mawingu. Mwisho wakachoka wao.

Basi, Jumatatu moja shamba likaletewa trekta jipya. Mamaa! Jekundu mpaka macho yanawasha. Lina kiyoyozi, lina redio, lina kiti chenye springi kinachokupokea kama bibi yako ambaye hajakuona mwaka mzima. Wakaliegesha mbele ya ofisi, pembeni ya bustani ya nyasi ya Madam.

Madam ndiye meneja wa shamba. Zile nyasi alizipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Alizikata mwenyewe kila Jumamosi, na mtu aliyezikanyaga alipewa barua ya onyo yenye mhuri.

"Ijumaa asubuhi," Madam akatangaza, "nitaangalia mnavyoendesha, kisha nitakagua kebini zenu. Anayelitunza vizuri la zamani ndiye nitakayempa jipya."

Madereva wenyewe walikuwa wawili tu. Kapteni, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, msichana aliyeongea kidogo sana hadi akaitwa Kimya. Kimya akisema "habari za asubuhi" ujue hapo umepata hotuba ya wiki.

Kapteni akacheka kwa pua. Shindano gani hili? Kumshindanisha yeye na Kimya ni kama kumshindanisha simba na mto wa kochi!

Akasimama pale pale kando ya trekta jipya, miwani usoni, mkono kiunoni, akajipiga picha. Akaituma kwenye kundi la simu la ukoo wa mkewe, na maneno: "Chombo kimempata mwenyewe." Weee! Mioyo arobaini na tatu! Makofi! Shangazi mmoja akatuma keki.

Mkewe akampigia hapo hapo. "Umeshapewa?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ndiyo nini? Baba ameiona. Anasema Ijumaa anakuja kukushuhudia ukikabidhiwa!"

Kapteni akavua miwani. Baba mkwe! Yule mzee tangu siku ya mahari hajawahi kumwita mkwe. Humwita "yule kijana wenu". Kijana ana miaka arobaini na moja na kitambi!

Hapo sasa ikawa si trekta tena. Ikawa heshima. Lazima alipate, la sivyo ukoo mzima utamcheka mpaka yule shangazi wa keki.

Alhamisi jioni akaingia kazini. Kazi yenyewe, unadhani alipima oili? Aliangalia maji ya radieta? Alipiga grisi? Aaa wapi! Alienda nyumbani akakomba sebule. Mapazia ya maua, akayafunga kwenye kioo cha nyuma cha trekta, yakaziba kioo chote. Vitambaa vya kochi, akavitandika juu ya dashibodi, vikafunika taa zote za tahadhari. Zulia dogo, chini. Marashi ya mkewe, nusu chupa. Kile kioo cha pembeni cha kuangalia nyuma akakigeuza kimtazame yeye, maana dereva lazima ajue anavyoonekana.

Halafu akaona klachi na breki zimepauka. Zimepauka! Kwenye sebule yake! Akachukua kopo la mafuta ya mgando ya kujipaka, akazisugua pedali zile mpaka zikang'aa kama miguu ya mtoto siku ya kwanza ya shule.

Aliporudi nyumbani, mkewe alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kichwani.

"Wewe mwanaume, makochi yangu yamevuliwa nguo na nani?"

"Mke wangu, tulia. Ni kwa siku moja."

"Na dirisha! Majirani wananiona nakula!"

"Kesho hii saa utakuwa mke wa dereva wa kiyoyozi."

"Kesho hii saa nataka pazia langu," akasema, akaenda kulia chakula chake jikoni.

Ijumaa ikafika. Baba mkwe akaja mapema, kofia mpya, fimbo, suti ya harusi ya mtu mwingine. Akaketi kwenye kiti cha ofisi kilichotolewa nje, kama mgeni rasmi.

"Yule kijana wetu," akaanza. Wetu! Si wenu, wetu! Kapteni karibu alie. "Nasikia trekta umeshapewa?"

"Baba, shikamoo. Hii ya leo ni sherehe ndogo tu ya kukabidhiana."

"Marahaba. Na huyu binti yangu mwingine anafanya nini hapa?"

"Ananisindikiza."

Kimya alikuwa upande wa pili analizunguka trekta lake. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akasoma. Akaangalia maji. Akafuta vioo vyote kwa kitambaa kibichi. Akakung'uta mkeka wa miguuni, akatoa chupa iliyobingirika karibu na breki, akafuta hata soli za buti zake. Kisha akapita kwa Kapteni, akaona pedali zinavyometameta, akasimama. Akafungua mdomo! Watu wawili waliokuwa wakipita wakageuka kuona.

"Shemeji," akasema, "pedali hazipakwi mafuta. Mguu utateleza."

"Shemeji, wivu huo!"

"Na pazia litakuzuia kuona plau, hilo jembe la nyuma."

"Mimi plau nalisikia rohoni."

Kimya akafunga mdomo. Mgao wa mwezi ulikuwa umeisha.

Madam akatoka na karatasi yake. "Kila mtu alime mstari mmoja mpaka kwenye ile nguzo ya umeme, ageuze, arudi akilima, aje kuegesha hapa kando ya trekta jipya. Polepole, kwa usalama. Kimya, anza."

Kimya akapanda uso ukiangalia ngazi, ameshika huku na huku. Akafunga mkanda. Akaangalia nyuma, akapiga honi mara moja, akashusha plau, akaondoka. Udongo ukapinduka laini. Mstari ukanyooka kama umechorwa kwa rula. Akarudi, akaegesha, akashusha plau polepole mpaka likagusa chini, akazima, akatoa funguo. Basi. Hakupunga hata mkono.

"Hana mbwembwe," Kapteni akamnong'oneza baba mkwe. "Sasa tazama."

Akatembea kuelekea trekta lake kama bwana harusi. Akavua buti kwenye ngazi, akaziacha chini zimepangana vizuri, akaingia na soksi nyeupe. Mkanda? Ungemkunjia shati. Akavaa miwani. Akajitazama kwenye kioo cha pembeni, akapenda alichokiona. Akawasha.

Tairi la nyuma likapita juu ya buti la kushoto. Fyaap! Likawa bapa kama chapati ya mpira. Hakusikia. Alikuwa anaimba.

Na trekta lilivyokimbia siku ile, jamani! Siku nyingine plau likishika udongo injini inalalamika, inanguruma, inatoka jasho. Leo, mteremko tu! Laini! "Limenijua," akajiambia. "Limejua leo ni siku gani." Akaongeza mafuta. Akatoa mkono dirishani, akawapungia watu.

Watu nao wakampungia. Wakampungia kwa mikono miwili! Wengine wakaruka. Mmoja alikuwa anaonyesha chini kwa kidole, anaonyesha, anaonyesha, kisha akajishika kichwa. Kapteni akaguswa sana. Hakujua kama anapendwa hivi.

Akafika kwenye nguzo, akageuza kwa mkono mmoja, akarudi kwa mwendo ule ule wa kifalme.

Kumbe plau lilikuwa juu! Juuu! Hakulishusha hata kidogo! Lilikuwa linaning'inia nyuma ya pazia la maua, safi, kavu, linapunga upepo. Kapteni alikuwa amelima kwenda na kurudi bila kusumbua hata sisimizi mmoja.

"Mbona nyuma yake hakubadiliki?" baba mkwe akauliza.

Madam akashika kalamu. Aliandika kitu, akakipigia mstari. Mara mbili.

Sasa ikabaki kuegesha. Trekta jipya lile pale, jekundu, linang'aa, halina hata mkwaruzo. Kapteni akapanga kuja kwa kasi kidogo, kisha asimame ghafla, pua kwa pua, watu washike mioyo.

Mioyo walishika.

Akakanyaga breki. Soksi nyeupe juu ya mafuta ya mgando! Mguu ukateleza fyuuu, ukaenda kugonga ukuta wa kebini. Akakanyaga tena, ukateleza upande wa pili. Akajaribu klachi, nayo ikamkataa. Miguu yote miwili ikawa inapiga mbizi kwenye zulia, na zulia lenyewe likaanza kusafiri.

"Breki!" Madam akapiga kelele.

"Ninaitafutaaa!"

Trekta jipya likawa linakuja. Yaani yeye ndiye aliyekuwa anakwenda, lakini alivyoona yeye, lilikuwa linakuja. Baba mkwe akaruka kutoka kwenye kiti na fimbo akaiacha. Kapteni akakata usukani wote kulia, akakwepa jekundu kwa upana wa kiganja, akaingia kwenye nyasi.

Nyasi za Madam!

Akashika chochote kilichokuwa karibu ajizuie. Kilichokuwa karibu ni pazia. Likachomoka na uzi wake, likamfunika kichwa, giza totoro la maua. Humo gizani kiwiko kikagonga mkono wa kushushia plau.

Puuu! Plau likashuka kwa hamu yote iliyokuwa imelimbikizwa tangu asubuhi. Likazama. Likalima. Loo, lililima jamani! Likafungua mstari mpana, mzuri, wenye kina, kutoka ukingo wa bustani mpaka katikati, nyasi zikapinduka na mizizi yake juu. Injini ikaguna, ikakohoa, ikazima.

Kimya kikatanda. Yule shemeji siyo, hiki kingine.

Mlango ukafunguka. Akatoka mtu mwenye pazia kichwani na soksi moja. Marashi yakamtangulia.

"Madam," sauti ikasema chini ya maua, "nimemaliza kuegesha."

Madam akakaribia, akaangalia ndani. Akainua kitambaa cha kochi kwa ncha mbili za vidole. Chini yake taa nyekundu ya oili ilikuwa inawaka.

"Hii imewaka tangu lini?"

"Ipi, Madam?"

"Hii taa."

"Aaa. Kumbe pale kuna taa."

Madam akakirudisha kitambaa. Akageuka, akatoa funguo za trekta jipya mfukoni, akamkabidhi Kimya. Kimya akasema "Asante, Madam," na watu wakapiga makofi, sijui kwa trekta au kwa hayo maneno mawili.

Baba mkwe akamkumbatia bintiye mpaka kofia ikaanguka. Kisha akampita Kapteni polepole, akimtazama kuanzia pazia hadi soksi, akampigia simu mama mkwe hapo hapo, sauti juu: "Ndiyo, limekuja kwetu! Limechukuliwa na binti yangu! Nani? Yule kijana wao? Yupo hapa, amevaa dirisha."

Kuhusu Kapteni, uamuzi ulikuwa mfupi. Miezi miwili asiendeshe trekta, Kimya amfundishe upya kila kitu, kuanzia kupanda ngazi. Na asubuhi, kabla ya masomo, apeleke samadi bustanini kurudisha nyasi za Madam. Kwa toroli.

Jumatatu wanawake wa kitalu cha miche wakamwona anashuka mteremko na toroli lake la samadi limejaa pomoni. Angekuwa mtu mwingine angeinamisha kichwa. Huyu alikuwa na miwani.

"Kapteni, trekta liko wapi?"

"Nimeliacha kwa hiari. Mjue hiki chombo ni cha kisasa zaidi. Tairi moja tu! Halili dizeli, halipigi kelele, kiyoyozi chake ni hewa yenyewe. Wenzenu nje huko wote wameshayahama matrekta."

"Makubwa!" mmoja akasema, akajizuia kucheka. "Na hapo kwenye mteremko, breki zake ziko wapi?"

Kapteni akaachia mpini mmoja ili aeleze vizuri kwa mkono.

Toroli halikusubiri maelezo. Likaondoka. Naye akalifuata mbio, "Pisheni! Pisheni jamani!", likishuka na samadi yake yote moja kwa moja kuelekea mlango wa ofisi, ambako Madam, kwa bahati ya Kapteni, ndiyo kwanza alikuwa anatoka na suti nyeupe.