Chipu ya Miguu Mitano

Masumbwe, Jumatano, 26 Juni 1985

Donatus ana amplifaya. Naandika mara moja ili nisilazimike kuandika tena. Ana amplifaya!

Nimeiona mwenyewe kibarazani kwa duka la ushirika. Sanduku la mbao, betri za lori, spika mbili za tarumbeta. Akawa anasema ndani yake, "Moja, mbili. Moja, mbili." Tatu haijui. Nikaondoka polepole huku nahesabu hatua, nione sauti inafia wapi. Imefia hatua ya mia tatu arobaini. Nikarudi nikapima upya, huenda nilimpendelea. Mia tatu arobaini na mbili.

Watu wanasema kaiunda kwa mkono wake. Eti siku hizi kuna chipu, kidude cheusi cha miguu mitano, kimoja tu kinafanya kazi ya transista ishirini. Donatus! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika chuma cha kulehemia mwaka 1979. Siku ya kwanza alikishika upande wa moto. Miaka kumi na mmoja natengeneza redio hapa Masumbwe. Sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kufungua na kufunga. Nimemzidi umri miaka minne. Leo tumepishana hakunipa hata shikamoo. Kasema, "Vipi, fundi mwenzangu."

Mwenzangu!

Alasiri kaja Maganga, ningi wetu, yaani kiongozi wa ngoma wa chama cha Bagalu. Saba Saba tunashindana na Bagika uwanja wa mnada. Kanuni ni ile ya mababu: vyama vyote viwili vinacheza saa ileile, uwanja uleule, na mshindi ni yule mwenye watu wengi mbele yake jua likishuka. Bagika wamemchukua Donatus na tarumbeta zake. Maganga kauliza kama naweza kuunda amplifaya. Nikajibu naweza kabla hajamaliza kuuliza.

Kasema vizuri. Nikifaulu, mimi ndiye fundi wa Bagalu msimu mzima, kutoka Ushetu mpaka Geita, na kiti changu kitakuwa kando ya ningi. Nikishindwa, atamwomba Donatus awahudumie Bagalu pia, na mimi nitambebea Donatus betri.

Siku zimebaki kumi na moja. Vifaa nilivyonavyo: sanduku la sabuni. Tupu.

Alhamisi, 27 Juni

Nimekwenda kwa Donatus, kisingizio naazima risasi ya kulehemia. Lengo nisome namba ya chipu. Kaifunika amplifaya kwa kanga ya mkewe kama mwali. Nikajifanya nimepiga chafya, kanga nikaivuta kujifutia pua. Nikaziona! Chipu mbili, miguu mitano kila moja. Zimekaa kwenye bati la kupozea la kiwandani, aluminiamu nzito, mapezi kumi na manane yaliyonyooka kama meno ya kitana kipya. Sijapata kuona kitu kizuri hivyo mikononi mwa mtu asiyestahili.

Namba imekwanguliwa kwa msasa. Roho mbaya ya namna hii sijaiona. Mtu anakwangua namba ili mwenzake asiendelee! Ningekuwa nazo mimi ningeichoma kabisa, msasa unaacha alama.

Kaniuliza kama mafua yangu yamepona. Kasema kanga niende nayo nikaifue.

Ijumaa, 28 Juni

Mpango safi. Misheni wana gramafoni ya Kijerumani, imekufa tangu Pasaka. Nikakata shauri: naomba kuitengeneza bure, nafungua, natingisha kichwa, natangaza chipu imeungua, naondoka nayo "kuizika."

Nimepiga baiskeli tangu alfajiri. Padre kafurahi sana. Kavuta kiti akakaa mbele yangu na rozari, magoti yake yanagusa yangu. Nikafungua. Ndani mna chipu mbili za miguu mitano, nzima, zinang'aa. Na fyuzi imekatika. Fyuzi tu! Mkono wangu, kwa mazoea yake mabaya, ukaweka kipande cha waya kabla sijauzuia. Dakika nne. Kwaya nzima ikaanza kuimba sebuleni. Padre akanipa baraka na ndizi tatu.

Ufundi wangu utaniua.

Ila sikutoka mikono mitupu. Ndani ya kifuniko kulikuwa na mchoro wa saketi, nikaunakili. Padre kanitafsiria maelezo: katikati ya chipu na bati lazima yapakwe mafuta maalumu meupe ya kupitisha joto, la sivyo chipu ikipata moto inajizima yenyewe, ikipoa inajiwasha. Nikamwambia mafuta meupe si tatizo, sisi ni wafugaji.

Jumapili, 30 Juni

Katoro. Nimekuja juu ya marobota ya lori la pamba, na dinamo ya baiskeli yangu kwenye mkoba. Misa nimeikosa, Mungu anaujua ushindani.

Mnadani yupo Mama Ghati, Mkurya wa Sirari. Bidhaa zake zinavuka mpaka kwa njia anazozijua yeye. Kahawa, viatu, na bakuli la vifaa vya redio vilivyochanganywa kama maharage na karanga. Majina ya vifaa hayajui, anauza kwa miguu. Nikamwamkia shikamoo, kaitikia marahaba huku ananitazama chini. Kaniuliza nataka mnyama wa miguu mingapi. Nikasema mitano. Kacheka. Kasema wa mitano wanakimbia kuliko mbuzi, kuna kijana wa Masumbwe mwezi uliopita kachukua sita, kijana mzuri, ana adabu, kampa shikamoo mara mbili.

Mara mbili!

Wamebaki wawili. Nikaomba kuwajaribu kwa betri. Kasema, "Baba, hapa si kilabuni, hatuonji." Akaipokea dinamo, akaigeuza, akasema hiyo ni ya mguu wa kwanza mpaka wa nne. Akatazama viatu vyangu vya misa.

Nimerudi juu ya marobota nikiwa peku. Chipu mbili nimezifunga kwenye leso, leso mfukoni, mkono juu ya mfuko kilomita zote. Donatus alichukua sita, katumia mbili. Nne za nini? Azitazame tu? Wivu wa watu wengine haufai kabisa.

Jumanne, 2 Julai

Kazi mfululizo. Kapasita nimezing'oa kwenye redio tano zilizokufa, ya sita haikuwa imekufa lakini mwenyewe haji mpaka Agosti. Waya wa mota iliyoungua. Tarumbeta mbili nimeazimwa na Ignas, dereva wa lori la pamba. Zilikuwa za gari la sinema, moja ina kiota cha nyigu, nimekitoa kwa gharama ya jicho la kushoto. Betri mbili pia kaahidi yeye, volti ishirini na nne nikiziunga.

Tatizo limebaki bati la kupozea. Nikafumba jicho moja (la pili limejifumba) nikaona mapezi kumi na manane ya Donatus. Nikafumbua nikaona mfuniko wa sufuria kubwa ya Mbuke, mke wangu. Aluminiamu. Nimeukata kwa msumeno mapezi ishirini. Ishirini! Yanatazama kila upande, lakini ishirini.

Na mafuta meupe: samli ya mama mkwe kutoka Ushetu, imeganda vizuri kwa ubaridi wa Julai. Vijiko viwili, nimepaka kwa ukarimu. Nani atasema tofauti? Ni meupe, ni laini, na yanatoka kwa ng'ombe wetu, hayavuki mpaka.

Mbuke kauliza ugali ataufunika na nini. Nikasema taifa lina mahitaji. Kasema, "Baba Febronia, taifa lije lile ugali wenye inzi."

Ijumaa, 5 Julai

Imelia!

Dakika tatu tu, Ignas alikuwa anazitaka betri zake. Nimeweka kipaza sauti mbele ya mdomo nikasema, "Moja, mbili, TATU." Ng'ombe wa ng'ambo ya barabara wamegeuka wote. Mbuke kaenda kupima hatua. Kasema mia tatu na kumi. Hatua zake fupi, nikamrudisha. Mia tatu na kumi tena. Nimetafuta makosa kwenye hesabu, sikuyapata. Donatus ananizidi hatua thelathini na mbili. Sina hamu ya kula.

Maganga kaja na pembe yake ya dawa ya mvuto, anataka kuipaka amplifaya ili ivute watu. Nikamwambia mimi ni Mkatoliki na hii ni saketi. Tukaafikiana apake upande wa mbao.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba

Niandike kwa utaratibu.

Saa sita kamili tulianza. Bagika kule, sisi huku, katikati hatua hamsini. Jua kali, upepo hakuna. Donatus kavaa miwani ya jua. Tarumbeta zake zinatoa sauti safi kama maji ya kisima, hazikoromi, hazipigi miluzi. Nilihesabu watu kwa mistari: kwake mia nne na kumi. Kwetu mia moja thelathini, na kati yao ndugu wa Maganga ni arobaini.

Zangu zilikwenda vizuri dakika kumi na moja. Kisha nikasikia harufu ya maandazi. Samli imeyeyuka, inatiririka kwenye mapezi, inalia chwaa! Mbwa watatu wamekuja wamekaa mbele ya amplifaya kama wazee wa baraza.

Maganga anaimba sifa za ng'ombe wake: "Dume langu la Ushetu lina..." Kimya. Chipu zimejizima. Wachezaji wamebaki na mguu mmoja juu. Mimi napepea bati kwa kofia. Sekunde kumi na mbili. Mara: "...PEMBE!" Wachezaji wakashusha mguu wote kwa pamoja, puu! Vumbi.

Mtu akacheka kule kwa Bagika. Wakaja watatu kutazama. Maganga akaendelea: "Mke wangu wa kwanza akiniona ana..." Kimya. Sasa hata watazamaji wamesimama mguu mmoja, wengine wameacha mikono hewani, mama mmoja kaachama mdomo vilevile na kipande cha muwa. Wanasubiri. Hakuna anayejua itarudi lini, hata mimi. "...CHEKA!" Puu! Uwanja mzima umepiga kelele.

Nilitamani ardhi inimeze. Napepea, namwagia maji, inapoa, inawaka, inazima. Kadiri ninavyohangaika ndivyo watu wanavyovuka. Wazee wanavuka. Ngoma za Bagika wenyewe zimeanza kusimama zikisubiri zetu. Saa kumi na moja nikahesabu: kwetu mia sita na ishirini. Kwa Donatus tisini, ukijumlisha wachuuzi.

Bagalu tumeshinda. Maganga kabebwa mabegani. Anasema ni dawa yake, ameniambia nilikosea kukataa apake upande wa bati, tungepata na Bagika wenyewe. Hata hivyo kanipa kiti. Kando yake kabisa. Jumatano tunakwenda Ushetu, tunakutana na Bagika wa huko, na kaagiza nije na amplifaya ileile.

Nimekaa kwenye kiti saa nzima sina furaha. Nilikuwa nawaza sauti ya Donatus. Haikukatika hata mara moja mchana kutwa. Mara moja!

Jumatatu, 8 Julai

Dunia ina haki yake.

Asubuhi Donatus kaja kwangu. Kavua miwani. "Shikamoo, fundi." Nikamwacha arudie. Karudia! Kaketi kwenye kigoda kifupi, kasema hajalala, kasema, "Kaka yangu, umenifunga, nimeshindwa kuelewa ile mashine yako."

Nikasema ni mambo ya ndani.

Kasema anajua sitamweleza siri, mtu haelezi siri yake. Ila anaomba kitu kimoja. Kama nitakubali tubadilishane, nimpe bati langu la mfuniko pamoja na yale mafuta yangu, na yeye anipe lake. La kiwandani! Mapezi kumi na manane! Na kopo la mafuta meupe ya kweli kutoka Nairobi, halijafunguliwa. Alikuwa amelileta kabisa, limefungwa kwenye gazeti, nikaona aluminiamu inachungulia.

Nikajikaza nisicheke. Nikatazama mbali. Nikasema mfuniko ule una historia, ni wa ukoo wa mke wangu. Kasihi. Nikasema samli ile inatoka Ushetu, haipatikani. Kaongeza chipu mbili za miguu mitano. Ndipo nikakubali, kwa uso wa huzuni.

Alipofika barabarani alikuwa anakimbia. Mjinga! Namwona mpaka sasa, kakumbatia mfuniko wa sufuria unaonuka maandazi.

Mbuke kaniuliza kwa nini mtu mwenye bati zuri atake bati bovu. Nikamwambia ndiyo maana yeye si fundi. Kasema nifikiri kidogo watu wa jana walikuja kufanya nini. Nikamwambia walikuja kwa sababu ya sauti.

Jumanne, 9 Julai

Nimefunga bati jipya. Nimepaka mafuta ya kopo, membamba, kama mchoro wa padre unavyotaka. Kazi nadhifu kuliko zote nilizofanya maishani.

Ignas kaniletea betri mapema. Kapita kwa Donatus, kasema naye anafungasha, Bagika wamemchukua kwenda Ushetu, na amplifaya yake leo inazimika kila mara. Eti Donatus anacheka peke yake. Maskini, akili imeanza kumtoka.

Mimi nimeiwasha yangu saa mbili asubuhi nikaiacha juani makusudi. Saa tisa alasiri bado inaunguruma. Nimegusa bati, vuguvugu. Hatua mia tatu na sitini, nimepima mara tatu, namzidi kumi na nane. Haijanyamaza hata nukta moja.

Maganga sijamwambia. Nataka kesho ashangae mbele ya watu.