Manowari ya Posa ya Bienfait

Redio ya Amiral ndiyo iliyoanza. Ilitangaza kwamba Vita Kuu ya Kwanza imetimiza miaka mia moja tangu ianze, ikataja manowari ya Wajerumani iitwayo Rheinland, yenye mizinga mikubwa kumi na miwili, kisha betri ikafa. Sisi wa benchi la chai la Mama Madeleine, hapa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tukabaki na mizinga kumi na miwili na hakuna wa kutuambia pa kuiweka.

"Weye wa bweni," Amiral akanigeukia, "banakufundishaka nini kule Mbarara? Eleza."

Amiral, yaani admirali, jina la ubatizo Adolphe, zamani alikata tiketi za mitumbwi pale Baraka, Kongo. Hajawahi kuamuru chombo chochote isipokuwa kikombe.

Nikasimama, maana historia huelezwa kwa kusimama. "Wazee wangu, Waingereza walikuwa wametengeneza manowari ya mizinga mikubwa kumi. Wajerumani wakaona aibu. Mwaka 1908 wakashusha Rheinland majini, wakaipa kumi na miwili, miwili miwili katika minara sita ya chuma. Mnara mmoja mbele, mmoja nyuma, na miwili kila ubavu."

"Yote inapiga mara moja?"

"Hapana, mzee. Adui akiwa kulia, minane inapiga. Minne ya ubavu wa kushoto inatazama bahari."

"Inatazama tu?" akauliza Mama Madeleine.

"Inasubiri, mama."

"Kama bamoja hapa," akasema, akimmiminia Avoka chai.

Avoka, yaani wakili, ni mzee Nehemiya. Sheria hakusoma, lakini hajawahi kumaliza sentensi kabla chai haijapoa. Ndiye aliyeongoza ujumbe wa kwanza wa posa ya Bienfait, kijana wa benchi letu, kule Kakoba, Mbarara, kwa kina Eliane, binti anayemtaka. Alianza na Adamu na Hawa. Alipofika kwenye gharika, baba yake Eliane aliomba ruhusa akalale, na jibu halikutoka. Sasa Jumamosi ilikuwa nafasi ya mwisho, kwa sababu kuna mwenye duka wa Kakiika aliyekwisha kubisha hodi palepale. Bienfait alikuwa hali, halali.

"Kosa letu iko moja," Avoka akasema. "Tulipeleka musemaji mumoja. Mutu mumoja anachoka."

"Tupeleke kumi na mbili!" Amiral akapiga benchi. "Babili mbele, babili nyuma, bane kila ubavu. Mukwe akigeuka fasi yoyote, anakuta mudomo."

"Papa Adolphe," Bienfait akasema taratibu, "mimi naomba muke. Siombi vita."

"Nyamaza. Weye uko makaa ya meli. Makaa haisemake, inaungua tu."

"Na hii meli," Mama Madeleine akaniuliza, "iliishia wapi?"

Nilifungua mdomo, lakini wazee walikuwa tayari wanagawana minara. Si adabu kumkatiza mzee anayejiweka kwenye mzinga.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha. Muhire, dereva tuliyemkodi, alikuja na pikapu yake kutoka Mbarara, akawaona wazee kumi na wawili wamevaa makoti mazito, wengine mawili mawili kwa heshima ya wakwe.

"Banange! Hii gari iko ya matoke. Nyinyi wote munaenda wapi?"

"Vitani," akajibu Amiral, akapanda, nami nikapanda nyuma yao.

Bienfait na Mama Madeleine walikaa mbele na kapu la zawadi. Hatukuifikia lami. Pikapu ilizama matopeni hadi ekseli, na kila niliposukuma, wazee wakiwa bado juu, ilizidi kukaa, kama mgeni aliyesikia harufu ya nyama. Nikaona wakati wa nusu ya pili ya historia umefika.

"Wazee wangu, mwaka 1918 Rheinland ilipanda mwamba, kwenye ukungu wa bahari ya Baltiki."

Amiral akaniinamia kutoka juu ya pikapu. "Weye mutoto. Unasema sasa?"

"Hamkuniuliza, mzee."

"Bakafanya nini?"

"Wakaleta kreni inayoelea. Wakashusha makaa, mabamba ya chuma na mizinga. Ilipokuwa nyepesi, ikaelea."

Muhire akawatazama wazee kwa jicho la kreni.

"Makaa ya leo inabaki," Mama Madeleine akasema kupitia dirisha. "Mizinga ishuke."

Walishuka mmoja mmoja, makoti na yote. Pikapu ikachomoka. Amiral akainua mguu apande tena.

"Ukipanda, inarudi," Muhire akasema, akaondoka.

Tukabaki barabarani, mizinga minane ikitazama Mbarara na minne ikitazama shamba la ndizi.

Jioni walitukuta tumerudi benchini. Bienfait alikuwa anacheka peke yake.

"Baba ya Eliane aliuliza, 'Basemaji benu bako wapi?'" Mama Madeleine akaeleza. "Nikamwambia tumebashusha ku matope. Akasimama, akatupatia mukono, akasema hii familia sasa iko na akili. Alikubali kabla chai haijapoa."

Amiral akanigeukia kwa sauti ya mgonjwa. "Na ile meli? Ilirudi vitani?"

"Hapana, mzee. Ilivutwa hadi Kiel, ikafanywa bweni. Wanamaji wakawa wanalala humo."

"Bweni?"

Mama Madeleine akaweka birika chini. "Muzuri. Bakwe banakuja kwa ndoa mwezi ujao, na bako bengi. Papa Adolphe, kwako batalala bavijana. Papa Nehemiya, kwako bamama na batoto babo."

Avoka akafungua mdomo. Mama Madeleine akamtazama.

Mnara ukageuka taratibu, ukatazama bahari.