Matundu Matatu ya Rollie Stenerud

Rollie Stenerud alimwona yule mama tangu mlangoni, na moyo wake ukachangamka. Ukumbi wa maonyesho wa Coulee Springs ulikuwa umejaa wakulima wa ngano waliokuja kushikashika bunduki, kunywa kahawa ya bure na kurudi makwao na pesa zao zote. Huyu alikuwa wa namna nyingine: sweta ya kufuma, mkoba mpana, na macho yanayotangatanga mezani kama ya mtu aliyeingia duka la dawa bila kujua anaumwa nini. Rollie akatema maganda ya alizeti kwenye kikombe, akanyoosha kofia, akavaa tabasamu lake la kazi.

"Karibu, mama, karibu sana! Ya kuwindia kulungu, au ya kumtuliza shemeji?"

Mama akacheka. "Ya mbali, mwanangu. Lile bamba la chuma linalopigwa shabaha kila Jumamosi, yadi mia sita. Mtu anayeanza anachagua nini?"

"Anachagua rafiki kwanza, na rafiki umeshampata." Rollie akainua bunduki moja kutoka mezani, kitako kinang'aa, mtutu mwembamba. "Ona wepesi wake. Ona darubini yake. Watakuambia uchukue lizito, lenye mtutu mnene kama mpini wa jembe. Kwani unakwenda kulima? Mimi sibishani na mtu, mimi naonyesha karatasi."

Akaionyesha. Ilikuwa imefungwa kwenye triga kwa uzi mwekundu: karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yaliyogusana, ungeweza kuyafunika yote kwa kifungo cha shati.

"Yadi mia moja," alisema Rollie kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. "Tatu ndani ya shimo moja. Na hivyo ndivyo inavyopiga kutwa nzima."

Hapa inafaa tusimame kidogo, tumpe heshima yake fundi huyu. Matundu yalikuwa ya kweli na yadi mia zilikuwa za kweli. Kilichokuwa cha uongo ni uzi mwekundu. Karatasi zote za Rollie zilipigwa na bunduki moja tu, Olga, aliyeundwa na babu yake kwa mkono: mbaya wa sura, mzito wa kuvunja bega, kitako kimepakwa rangi iliyobaki baada ya kupakwa banda la ng'ombe. Kabla ya kila maonyesho Rollie alikwenda naye malishoni, akalala kifudifudi, akatoboa karatasi za kutosha, kisha akazifunga kwenye bunduki za mezani, moja baada ya nyingine. Olga mwenyewe hakuuzwa. Siku hiyo alikuwa ameegemezwa nyuma ya kibanda cha Rollie mle ukumbini, akishikilia pazia lisipeperuke. Rollie hakuthubutu kumwacha nyumbani, maana watu wa kazi yake huogopa sana wezi. Na alimpenda. Hakuwahi kumwambia mtu, ila alimpenda kuliko alivyowapenda wake zake wawili waliomkimbia.

"Na isipopiga hivyo?" aliuliza mama.

"Isipopiga hivyo," Rollie alipaza sauti ili hata wa meza za mbali wafaidike, "irudishe, uchague bunduki yoyote niliyo nayo, popote ilipo, bure!"

Dhamana hiyo aliitoa kila maonyesho na haikuwahi kumgharimu hata risasi moja. Rollie aliwajua watu wake. Mwanamume wa nchi hiyo ya ngano atakuambia trekta lake bovu, mbwa wake mjinga na mchungaji wake mchoshi, lakini hawezi kusimama mbele ya wenzake na kusema bunduki aliyoichagua mwenyewe haina shabaha. Atasema ni upepo. Kisha atasema ni risasi za mwaka huu. Mwisho atanyamaza, na mtu aliyenyamaza harudishi kitu.

"Na wewe mwenyewe unapiga vizuri?" mama aliuliza.

"Mimi?" Rollie akaweka mkono kifuani. "Mama, mimi nikikosa, ujue kosa ni la bunduki."

"Hebu rudia, sikio hili linanisumbua."

"Nikikosa mimi, kosa ni la bunduki!"

Watu wakageuka. Mama akaitikia kwa kichwa, akaaga kwa adabu, akatoka. Rollie alikuwa bado anajiuliza amempoteza wapi alipomwona anarudi na kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi.

"Mimi ni Lavonne Tveit," alisema, akilifungua mezani. Ndani mlikuwa na bunduki inayong'aa, mtutu mwembamba, na uzi mwekundu bado uko kwenye triga. "Hii ulimuuzia Merle wangu msimu uliopita. Nimeirudisha."

Watu wakasogea karibu. Rollie alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo.

"Mzee Merle!" alisema haraka. "Hajambo? Labda upepo wa kule kwenu..."

"Alisema ni upepo. Halafu akasema ni risasi. Halafu akasema ni macho." Sauti ya Lavonne ilibadilika. "Amenunua miwani mipya mara mbili, Rollie. Sasa haendi tena uwanja wa shabaha. Jumamosi anakaa jikoni ananitazama nikimenya viazi, eti uzee umefika. Miaka yote nimemlilia Mungu anipunguzie Jumamosi za yule mzee, na sasa nataka anirudishie. Kwa hiyo njoo uipige wewe, ambaye hukosi."

Uwanja wa shabaha ulikuwa nyuma tu ya ukumbi, na watu walikwisha kushika njia. Lavonne aliibeba bunduki, Rollie akabeba wasiwasi wake. Risasi pia Lavonne ndiye aliyemkabidhi Rollie, boksi ambalo bado limefungwa. Alikuwa amemtuma jirani alinunue asubuhi kwenye meza ya Rollie mwenyewe.

Rollie akalala, akavuta pumzi, akapiga tatu. Hakuwa mbabaishaji kwenye kupiga, hilo tumkubalie. Darubini zikaelekezwa kwenye karatasi: si shimo moja, lakini matundu yalikaribiana kwa kiasi cha kumtia mtu matumaini.

"Mmeona?" Rollie akaanza kuinuka. "Mtutu bado haujazoea. Nadhani tunaelewana."

"Jumamosi watu hupiga kumi," alisema Lavonne.

"Mama, tatu zinatosha kabisa."

"Tatu hata mimi naweza kubahatisha," alidakia mkulima mmoja, na wengine wakaitikia, "Kumi! Kumi!"

Akalala tena. Ya nne ilikaa. Ya tano ikasogea. Kufikia ya sita mtutu ule mwembamba ulikuwa umepata moto, mvuke wa joto ukicheza mbele ya darubini, na risasi zikaanza kwenda kila moja na njia yake. Ya kumi ilipolia, karatasi ilikuwa na matundu ambayo sahani ya kulia isingeyafunika.

"Upepo," alisema Rollie.

Watu wote wakatazama bendera za uwanja. Zilikuwa zimelala kwenye nguzo zao.

Lavonne akainama karibu naye na kusema kwa upole wa mama mzazi, "Basi sema ni jicho, mwanangu. Sema jicho limechoka. Tutaelewa, na mimi nitabeba bunduki yangu nirudi nyumbani."

Huo ndio ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu na Olga angebaki akishikilia pazia. Rollie akafungua kinywa. Akawaona wakulima wameegemea uzio, wamekunja mikono, wanamsubiri, na yeye ndiye aliyewaambia asubuhi yote kwamba hakosi. Akajaribu. Mungu anajua alijaribu. Lakini ulimi uliotunga uongo wa kila aina kwa miaka yote hiyo ulikataa kutamka uongo huo mmoja.

"Bunduki ndiyo mbovu," alisema.

Vicheko vilifika hadi kwenye maegesho.

Kibandani, Lavonne alianza kuchagua bila haraka. Akaigusa bunduki ya kwanza mezani, Rollie akatabasamu. Akaigusa ya pili, yenye darubini ghali. Rollie akatabasamu na kuisifu. Kisha mama akazunguka nyuma, akaweka kiganja kwenye kile kitako chenye rangi ya banda. Rollie akaacha kutafuna.

"Hiyo? Hiyo inashikilia pazia tu, mama. Ni uchafu. Chukua ile ya darubini, nitakuongezea na risasi!"

"Umesema yoyote. Umesema popote ilipo."

"Utavunjika bega!"

Lavonne alifungua mkoba, akatoa ile karatasi ya matundu matatu iliyokuja na bunduki ya Merle, pamoja na risasi moja ya bunduki ile. Akaipenyeza risasi kwenye tundu lililokuwa pembeni. Ikapita, ikacheza ndani kama kidole kwenye pete ya mtu mwingine.

"Karatasi hii imetobolewa na kitu kinene zaidi," alisema. "Mezani kwako bunduki zote hupiga risasi nyembamba kama hii. Nikajua kuna nyingine, ila sikujua ni ipi na umeificha wapi. Uso wako ndio umenionyesha."

Olga alikuwa mzito, kwa hiyo Rollie ndiye aliyembeba hadi kwenye pikapu ya akina Tveit. Alimlaza kitini taratibu, akamfunika kwa blanketi.

"Haya," alisema Lavonne, akiwasha gari. "Na hii ina dhamana gani?"

"Hii haihitaji dhamana." Rollie alikohoa. "Mwambie Mzee Merle auache mtutu upoe kila baada ya kumi, ingawa hata asipouacha haitamtupa. Na arudie miwani yake ya zamani. Macho yake hayana kitu."

"Utamwambia mwenyewe Jumamosi," alisema Lavonne. "Mimi nikimwambia ataona namfariji tu."

Jumamosi Rollie alikwenda, akamwambia mzee mwenyewe. Merle alipiga kumi, na bamba likalia mara kumi. Wakulima walipomzunguka wakitaka kujua siri, mzee akafuta miwani yake ya zamani kwa leso, akamtazama Rollie, akawaambia kwamba siku hiyo hapakuwa na upepo.