Kura Iliyokatwa Studioni

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata. Rekodi ya studio ambayo Jiwe Linalolia, bendi ya roki iliyovunjika kabla Kakamega haijaielewa, haikuitoa kamwe. Ilikuwa kwenye flashi ya Musimbi, fundi wa simu wa Khayega na mkusanyaji mwenzangu. Alidai rekodi zangu tisa kwa hiyo moja. Nikampa. Akanionea huruma: msomi, hiyo ni kelele tu. Jumamosi chama chetu cha wakusanyaji kitachagua rekodi bora. Mshindi atakabidhiwa hifadhi yote. Nitakuwa mimi.

Jumanne, 4 Machi
Shirere, chumbani. Nimeisikiliza mara arobaini. Katikati ya wimbo wa mapenzi gitaa linakatika, na mwimbaji Lusweti anafoka: "Tunataka kura! Kura kwanza!" Ilani ya kisiasa. Ndiyo maana ilifichwa. Nimeandika kurasa kumi na nne. Jirani yangu Michelle aliuliza mbona sufuria zinasikika ndani ya wimbo. Nikamfafanulia kuwa sufuria ni sauti ya umma. Akajibu kuwa umma huo unapika, akaenda zake.

Jumamosi, 8 Machi
Nilisoma kurasa zote. Musimbi alingoja nimalize, kisha akamwita mgeni wake: Lusweti mwenyewe, siku hizi mkulima wa miwa Butali. Alicheka hadi akashika meza. Akaeleza kuwa siku ya kurekodi Awinja, mpishi wao, alikuwa amewaletea obusuma na ingokho, ugali kwa kuku, naye prodyusa akakataza mtu kugusa kabla wimbo haujaisha. "Mwalimu, sisi turitaka kura," alisema, akapeleka tonge la hewa mdomoni. "Kura chakura."

Nilimkumbusha kwa adabu kwamba mtunzi si shahidi wa kutegemewa juu ya kazi yake. Nikashindwa na Musimbi, kura kumi na moja kwa moja. Huyo mmoja ni mimi. Hifadhi imekwenda kwake, juu ya zile tisa zangu alizokuwa nazo tayari.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Lusweti alikiri mbele ya watu kwamba walitaka kura. Tonge mdomoni ni raia aliyezibwa kinywa. Nimeongeza ukurasa wa kumi na tano.

Musimbi amepiga simu. Anayo rekodi nyingine, ambamo Lusweti anaulizia "mahari" mara tatu. Amenionya mapema: jamaa alikuwa anatafuta pa kukaa tu. Maskini fundi. Ndoa, mahari, uhuru wa mwanamke; naona kurasa thelathini. Nimempa redio yangu na spika zote mbili, na rekodi ninayo mkononi. Sasa natafuta mahali pa kuisikilizia.