Sofa Peke Yake Haitoshi: Ombi la Pikipiki ya Pili

Benchi la Nyuma,
Karakana ya Meno ya Bandia.
Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Kwa Mjomba,
Fundi Mkuu wa Meno na Mwenyekiti wa Kikao cha Familia,
Meza ya Mbele (hatua sita kutoka hapa).

KUHUSU: SOFA ISIUZWE, NYIGU INUNULIWE

Mjomba wangu mpendwa na mheshimiwa,

Shikamoo. Naongeza shikamoo ya pili ya akiba, uitumie kesho kwenye kikao hasira zitakapokupanda.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati kisogo chako nakiona kutoka hapa nilipokaa. Ni kwa sababu nikiongea unasema nina domo. Barua haina domo, na huwezi kuiamuru inyamaze ikasugue plasta ya violezo vya meno. Isitoshe, mimi na maandishi tunaheshimiana. Ni kweli niliacha shule kabla shule haijaniacha, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anauonyesha darasa zima, anawaambia tazameni. Hakusema watazame nini, ila walitazama.

Ajenda ya kesho nimeisikia. Mkaza-mjomba alimnong'oneza mama, mama akamnong'oneza bibi, na bibi aliponinong'oneza mimi, kinyozi wa jirani aliniletea pole. Ajenda ni moja tu: Sofa iuzwe, inunuliwe baiskeli, na mimi nirudi benchi la nyuma moja kwa moja mpaka akili inikae. Chanzo ni ile barua ya daktari wa meno, kwamba meno yakimchelewea mara moja zaidi, kazi zake zote anazihamishia kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Na kliniki ile ndiyo inayotulisha wote, kuanzia bibi mpaka paka. Hilo silibishi. Ninabishia dawa.

Kwa faida ya wajumbe, maana najua utaisoma kwa sauti ili wanicheke: Sofa ni ile pikipiki kubwa nyeusi, ya kukaa umeegemea nyuma, miguu umeitanguliza mbele na mikono umeiinua juu kama mtu aliyekamatwa. Mjomba aliinunua ujanani, akatamba nayo mpaka kiuno kikakataa, ndipo akaniachia nisambazie meno. Naipenda. Siombi iondoke. Naomba ipate mwenzake: pikipiki ndogo ya spoti, ile ya kulalia tangi, ya bei ya watu wa kawaida, ambayo nimeshaipa jina Nyigu. Malalamiko na sababu zangu ni hizi.

1. Sofa haikati kona. Uchochoro wa kuingilia kliniki una kona mbili, na kila kona ni kazi ya watu watatu: mimi, fundi viatu anayelazimika kufunga mwavuli wake, na mama wa nyanya anayevuta meza huku akiuliza hiyo nyumba naihamishia wapi. Nikishamaliza kona ya kwanza napumzika, nakunywa maji kwa fundi viatu, ndipo naianza ya pili. Wakati huo mjumbe wa yule fundi wa ng'ambo anapita na kipikipiki chake kama uzi kwenye tundu la sindano, anapiga honi, ananiita mjomba. Yaani cheo chako, mjomba, kimegeuzwa tusi la kunitukania mimi, na ningekuwa wewe nisingenyamaza.

2. Sofa ina heshima iliyopitiliza. Wazee wakiisikia inanguruma wanasimama. Askari wa barabarani aliwahi kuipigia saluti, kisha akaiona sura yangu, akaushusha mkono polepole akijifanya anajikuna sikio. Alhamisi ya wiki iliyopita ndiyo ilikuwa kali zaidi. Msafara wa harusi ulitokea nyuma yangu, wakadhani mimi ndiye ninayewaongoza. Nikakata kushoto, magari kumi na moja yakakata kushoto. Nikapunguza mwendo kuwapa nafasi wapite, nao wakapunguza kwa adabu. Bwana harusi alishushwa mlango wa nyuma wa kliniki ya meno, maua mkononi, akaniuliza kwa upole kama bibi harusi yuko ndani. Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikawageuza, nikawapeleka ukumbini kwao, nikapigwa picha nne, nikarudi. Ndivyo meno yalivyochelewa. Sikuwa nazurura kama ulivyomwambia daktari. Nilikuwa naozesha watu.

3. Aliyeumia ni mama wa posta, yule wa dirisha la vifurushi, aliyekuwa anaagwa kazini siku hiyo. Hotuba yake ilikuwa saa tisa. Meno yake, ambayo wewe mwenyewe uliyapaka rangi kwa siku tatu ukilinganisha na picha yake ya zamani, yalifika saa kumi na nusu. Akahutubia bila meno, kwa sentensi fupi fupi, akiwa ameziba mdomo kwa leso. Watu wakadhani analia, wakalia naye. Wenyewe wanasema ni hotuba nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa pale. Baada yake alisimama mkurugenzi, mwenye meno yake yote thelathini na mawili, akasema saa nzima, na hakuna anayekumbuka hata neno moja. Upande huo wa habari daktari hakuuweka kwenye barua yake. Lakini mama wa posta alipokuja karakana Jumatatu kukushukuru kwa kazi, mjomba, hakucheka. Alivaa meno mapya na hakucheka. Nilikuwa hapa benchi la nyuma, nikaona. Ndiyo maana naandika.

4. Nije kwenye hoja yako kuu, ambayo umeirudia mpaka mashine ya kung'arishia imeikariri: "Mtu mmoja, kalio moja, pikipiki moja." Mjomba, kwa unyenyekevu mkubwa, hoja hiyo haina miguu. Wewe una pua moja na miwani miwili, ya mbali na ya karibu. Una masikio yale yale na redio mbili, moja ya habari na moja ya mpira, na siku timu yako ikifungwa zote mbili zinazimwa. Na kazi yenyewe tunayoifanya je? Mteja akija umtengenezee meno ya juu peke yake, umwambie mdomo mmoja, ufizi mmoja? Sofa ndiyo meno ya juu. Ndiyo yanayoonekana mtu akicheka. Nyigu ndiyo meno ya chini, hayasifiwi na mtu lakini bila hayo hutafuni kitu. Mkurugenzi yule yule anatembea na magari matatu kumbeba yeye na faili moja, na faili lenyewe wanasema ni tupu. Mimi nabeba midomo ya watu sita kwa safari moja, naambiwa pikipiki mbili ni anasa.

5. Usidhani nimekurupuka. Nimechagua kwa utaratibu, wiki nzima, kwa fundi pikipiki wa kona, ambako zilikuwepo tatu.

Nyekundu ni nzuri kiasi kwamba niliiamkia. Lakini ni ya mtoto wa mkubwa fulani, tairi lake la nyuma ni pana kama godoro na linaisha kabla hujalizoea, na spea zake zinaagizwa kwa meli. Fundi aliniambia hiyo si pikipiki, ni mtoto wa kulea. Nikaiaga.

Kijani ni rahisi mno, na urahisi wake una maelezo. Iliwahi kugonga nguzo. Gurudumu la mbele linatazama barabara, taa inatazama nyumba za watu. Fundi anasema utaizoea. Nikamuuliza nguzo ilizoea?

Ya njano ndiyo Nyigu. Injini ya mia mbili hamsini, si ya kushindana na ndege, ya kumfikisha mtu. Alikuwa nayo muuguzi wa zamu za mchana, anaenda kazini, anarudi, anaifunika shuka. Cheni imepakwa mafuta, breki zinashika, spea zake ziko kila duka. Mtu wa kimo changu anakanyaga chini kwa miguu yote miwili, si kama ile nyekundu ambapo nilikuwa nachezesha vidole kama mwanasesere. Mafuta inanusa tu, hainywi. Na bei yake ni ndogo kuliko ya lile kabati la vioo la mkaza-mjomba, ambalo halijafunguliwa tangu liingie ndani, na ambalo haliendi popote.

6. Ipo pia hoja ya usalama wa kopo. Wewe una desturi yako: kila seti ya meno inaviringishwa kwenye pamba, seti sita kwenye kopo moja la biskuti, kopo linaingia kwenye mkoba wa ngozi ubavuni mwa Sofa, na mfuniko haufungwi kamba. Haufungwi kwa sababu Sofa haijawahi kukimbia kiasi cha kumwaga hata chai. Hivi hiyo ni sifa au ni aibu? Kijana wa umri wangu, mwenye kipaji changu cha kona, anaendesha kitu ambacho ukiweka kikombe juu yake kinafika kimejaa. Mtaani hapa mimi naitwa Rais wa Kona. Naitwa hivyo na mimi mwenyewe kwa sasa, lakini jina linasambaa.

7. Mwisho, tuangalie madhara kwa jamii nzima. Meno yakichelewa, mzee hatafuni. Asipotafuna anashinda na njaa. Mwenye njaa ana hasira, na mwenye hasira akiwa ndiye mkubwa wa nyumba anaitisha kikao cha familia. Kwa hiyo hata kikao cha kesho kimeletwa na kukosekana kwa Nyigu. Ingekuwepo, kesho tungekuwa tumelala. Naomba hoja hii iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla ya kikao, na ikibidi kikao kiahirishwe kwa heshima yake.

Kutokana na hayo yote, naomba: Sofa ibaki kwa safari za heshima, Nyigu inunuliwe kwa safari za kliniki, baiskeli apewe mjumbe atakayeipendekeza, na benchi la nyuma litafutiwe mtu mwenye utulivu. Na ili usiseme ni maneno matupu, fundi wa kona amekubali kuniazima Nyigu leo nipeleke kopo la mchana. Utaona mwenyewe saa ngapi nitarudi.

Nisalimie mkaza-mjomba na kabati lake. Nisalimie bibi, mwambie anong'one kidogo zaidi. Msalimie mama, mwambie chakula changu akifunike, leo narudi mapema. Wasalimie pia wateja wote, wenye meno yetu na wanaoyasubiri.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, ambaye ukigeuka sasa hivi utamwona ameinama anasugua plasta,

Mjumbe wa Meno (Rais wa Kona).

NYONGEZA, saa saba na nusu mchana.

Mjomba, shikamoo ya tatu.

Barua hii sikuwahi kuiacha mezani kwako. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na katika vitu vyote nilivyotoka navyo, ndiyo iliyofika salama. Anayekuletea ni fundi viatu. Mpe maji ya kunywa, amekimbia.

Nyigu ina mwendo. Uchochoro wote niliumaliza kabla mama wa nyanya hajainua kichwa. Yule mjumbe wa ng'ambo nilimpita nikamwita mwanangu. Kutoka karakana hadi kliniki ni dakika sita, na sitarajii binadamu mwingine avunje rekodi hiyo. Kopo limefika mapema kuliko kopo lolote katika historia ya meno.

Limefika tupu.

Nyigu haina mkoba ubavuni. Ina kimkia kilichoinuka juu, na kopo nililifunga pale kwa mpira, mfuniko nikauacha kama desturi yako inavyotaka. Kumbe kila nilipoongeza mafuta, seti moja ilikuwa inaruka. Na mimi nilikuwa naongeza mafuta kwa moyo wote.

Mpaka sasa nimeokota nne. Tatu ziko nzima kabisa, pamba haijatoka. Ya nne niliikuta kituo cha mafuta, imekaa juu ya ukingo, inamchekea muuza mafuta, naye ameganda na pampu mkononi. Zimebaki mbili, mojawapo ni ya mwalimu mstaafu, ile uliyoirudia mara tatu. Daktari yuko kwenye chakula, anafungua saa tisa. Hajui kitu. Mpokezi wake anajua, lakini ameniambia yeye leo hajaniona.

Nyigu nimeirudisha kwa mwenyewe. Mgongo umegoma kunyooka, natembea nikitazama lami, ambayo kwa kazi iliyopo si mbaya. Nimejaribu kutafuta kwa miguu, magari yananifukuza. Kinachotakiwa ni kitu kikubwa, cha polepole, ambacho watu wakikiona wanasimama na kupisha, na askari anasimamisha magari bila kuuliza. Mjomba, tafadhali njoo na Sofa. Nenda kwa mwendo wake ule ule, katikati ya barabara, kutoka mlangoni kwetu. Mkaza-mjomba akae nyuma atazame kushoto, wewe utazame kulia, kitu chochote cheupe msikidharau.

Na kesho kikaoni, atakayetaja kuuza Sofa tutapambana naye, mimi na wewe.

Usisahau miwani ya karibu.